Mkono Ulioshika Kamba

— Hadithi, hadithi.
— Na ishuke.
— Ishuke wapi?
— Ishuke shimoni.
— Ikigusa maji?
— Tutaivuta.

Basi shikeni vizuri. Safari iliyopita niliwahadithia nusu yenu mkakoroma. Leo atakayelala nitamwacha huko huko chini, na mama yake asinijie mlangoni kuniuliza.

Hapo kale, kale ya babu wa babu zenu, palikuwa na mji huko bara, mbali na mto, mbali na ziwa. Mji ukiitwa Makukwe. Watu wa Makukwe walikunywa maji ya visima, na visima havijichimbi vyenyewe. Mchimbaji wao alikuwa Mwamure. Alikuwa na mabega mapana, maneno mengi, na kikopo cha ugoro kiunoni. Mkewe alikuwa Mbeyu. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Kache, hajaanza kutembea, anatambaa tu. Watu wangu ndio hao. Msije mkasema nimewachanganya.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana bila desturi hii hakuna hadithi.

Mchimbaji akishuka kisimani alifungwa kamba kiunoni, na ncha ya juu ilishikwa na mkewe. Haikushikwa na ndugu yake wala rafiki yake. Walisema rafiki anaweza kusinzia, au akakumbuka mbuzi wake akaondoka. Na huyo mke alikaa akilipa shimo mgongo. Ilikuwa mwiko mwanamke kutazama shimo ambalo halijatoa maji, ati maji yangeona haya yakakimbia. Mimi nimeishi miaka mingi na sijaona maji yakiona haya. Lakini ndivyo walivyosema, na waliosema walikuwa wanaume.

Chini kule sauti haipandi. Ukipiga kelele, kelele inakurudia mwenyewe masikioni. Kwa hiyo mchimbaji husema kwa kamba. Mvuto mmoja: pandisheni udongo. Mivuto miwili: nina kiu. Mivuto mitatu: nitoeni. Mbeyu akiuhisi mvuto kiganjani, huwaambia wanaume waliokaa kivulini, nao huinuka wakavuta. Asiposema, hawainuki.

Na Mbeyu alikuwa na mkono unaojua. Kamba ilimwambia kama mumewe anapiga sururu, anapumzika, au analigombeza jiwe. Wakati mwingine alitabasamu peke yake, kiganja kimefumba, na wanawake wenzake wakamtania, "Mbeyu, mumeo amekuambia nini huko chini?" Naye akajibu, "Yetu hayo."

Basi ukaja mwaka mvua ikasahau njia. Kisima cha kwanza kikakauka. Cha pili kikakauka. Cha tatu kikatoa tope, kisha nacho kikakauka. Mbuzi wakafa, kuku wakafa, watoto wakaanza kulala mchana. Mwamure akachimba kisima kipya, akashuka kuliko alivyowahi kushuka, akafika kwenye mwamba. Akaupiga. Akaupiga tena. Alipoupiga mara ya tatu, akasikia sauti.

"Nani anayegonga paa la nyumba yangu?"

Alikuwa zimwi. Mnataka kujua alikuwaje? Hakuonekana. Ilikuwa sauti tu kwenye ufa wa mwamba, na pumzi ya baridi.

"Mimi Mwamure, mchimbaji. Natafuta maji."

"Maji ninayo, nimeyalalia. Nitakupa haya, na popote utakapochimba kisima baada ya leo, maji yatakuja kwa nguvu. Wewe utanipa nini?"

"Mbuzi mweupe."

"Mbuzi wenu wote wamekufa. Sikiliza, Mwamure. Mimi nimekaa gizani tangu dunia iumbwe. Nyinyi watu mna milango mitano mwilini. Macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Nipe mlango mmoja nami nionje dunia. Uwe wako, au wa yeyote anayekula chungu kimoja nawe, kwangu ni sawa. Nataka neno lako tu. Nitakaa katika mlango huo maadamu wewe uliyenipa u hai. Siku ukifa, nitatoka. Nenda nyumbani, kapime, kesho uniambie."

Mwamure akavuta kamba mara tatu. Mbeyu akasema, "Mtoeni." Wakamtoa.

Hakumwambia mtu. Alikwenda nyuma ya ghala lake akaanza kupima.

Kwanza akajifunga kitambaa machoni. Akatembea, akajikwaa kwenye kinu, akaanguka. Macho hapana. Akajiziba masikio kwa pamba. Wapita njia wakamsalimia, midomo ikacheza, hakuambulia kitu. Akajiuliza, nikiwapa maji hawa, watanisifu nami nisisikie? Masikio hapana. Akajibana pua. Kidogo akafurahi, maana pua, jamani, mtu akiikosa atapungukiwa na nini? Kisha mkono ukagusa kikopo cha ugoro. Pua hapana.

Ulimi je? Akakumbuka kuku wa kuchoma, mate yakamjaa. Hapana. Akafika kwenye ngozi. Hapo hakujaribu hata kidogo. Alijisemea, "Mchimbaji bila mikono yenye kuhisi ni nini? Vidole vyangu ndivyo vinavyonijulisha udongo mkavu na udongo ulio karibu na maji." Mmesikia? Alijua. Msije mkamtetea baadaye kwamba hakujua thamani ya mkono. Ya mkono wake aliijua sana.

Akachungulia ua. Mbeyu alikuwa anatwanga, Kache yuko mgongoni.

Akaanza kumpima yeye. Macho yake? Nani atanipikia? Masikio yake? Nikiita ataitikaje? Pua yake? Ataunguza chakula changu. Ulimi wake? Atazidisha chumvi. Ngozi yake, je? Akamtazama tena. Kutwanga ni kutwanga tu, kuchota ni kuchota tu. Tena asipohisi, moto hautamuuma, miiba haitamuuma. Akaona anamfanyia wema.

Wewe unayecheka pale nyuma, cheka, lakini uangalie unamcheka nani.

Kesho yake akashuka, akauambia ufa wa mwamba, "Chukua ngozi ya Mbeyu, mke wangu."

"Ni neno lako?"

"Ni neno langu."

Mwamba ukapasuka taratibu, maji yakaanza kububujika kwenye vidole vya miguu yake. Siku hiyo yalikuja polepole. Mwamure akavuta kamba mara tatu, na huo ndio ulikuwa mvuto wa mwisho Mbeyu kuuhisi. Akasema, "Mtoeni." Alipokwisha kusema, kamba ikawa kama haipo mkononi. Akadhani ni uchovu wa njaa.

Mji mzima ukaja mbio na vibuyu. Watu wakalia, wakanywa, wakalia tena. Jumbe, mtawala wa Makukwe, akauliza, "Bwana Mwamure, mwamba ule umeupasuaje?"

Na hapo sasa. Angesema, nimelitolea zimwi ngozi ya mke wangu? Watu wangemtazama vipi?

Akasema, "Nimekutana na zimwi, Jumbe. Limetaka mlango mmoja wa mwili wangu. Nimetoa pua yangu."

Watu wakashika vichwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Jumbe akataka kuhakikisha, akaagiza yai viza, limekaa juani tangu kiangazi kianze. Likapasuliwa chini ya pua ya Mwamure. Watu wakarudi nyuma wote, mbwa mmoja akaondoka. Mwamure akakaa wima. Machozi yakamtoka.

"Mbona unalia?" Jumbe akauliza.

"Nalia kwa furaha ya maji."

Akapewa kiti karibu na Jumbe. Tangu siku hiyo ugoro wake aliunusa nyuma ya ghala, akipiga chafya ndani ya shuka.

Tumwache huko na chafya zake. Twende jikoni.

Asubuhi Mbeyu aliinjika uji, ukachemka, akakishika chungu akakitua chini. Akasikia harufu ya nyama inayoungua. Akashangaa, maana nyama kwao haikuwapo tangu mbuzi wafe. Akatazama jikoni, akatazama paa, akatazama nguo ya mtoto. Mwisho akatazama mikono yake. Ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye chungu.

Akatoka nje na mikono ameinyoosha mbele. Mwamure alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Baba Kache, tazama."

Mwamure akatazama, akainamisha uso. Ndipo akamweleza, kwa maneno machache kuliko kawaida yake.

Mbeyu akauliza, "Kwa hiyo ulinichagulia wewe?"

"Nilikupimia, Mama Kache. Nimekuachia macho, nimekuachia masikio. Mji mzima unakunywa. Ungetaka watoto wa watu wafe?"

"Ungeniuliza, pengine ningekubali. Hukuniuliza." Akaitazama mikono. "Na mtoto? Nikimbeba nitajuaje kama nimembana, au kama anateleza?"

"Utamtazama."

"Na wewe? Ukinishika nitajuaje?"

Mwamure akasugua goti. "Nitakuambia kwa mdomo."

"Na kamba?"

Jamani, kwenye kamba hakuwa amefika. Alimpima mkewe jikoni, kinuni na kwenye kuchota maji. Lakini kamba ilikuwa jambo la kila siku tangu waoane, kiasi kwamba hakuiona tena.

"Kamba pia utaitazama," akasema.

"Mpe mke wa ndugu yako aishike."

"Wataniuliza kwa nini. Niwaambie nini? Niliwaambia ni pua yangu. Wakijua nimewadanganya watatufukuza, na mtoto atakula nini? Nyamaza, Mama Kache. Funga mikono kitambaa, useme umeungua."

Mbeyu akanyamaza. Msimlaumu. Mtu akitajiwa mtoto wake hunyamaza.

Siku zikapita, na siku za Mbeyu zilikuwa chungu. Alimnyonyesha Kache akitazama ukuta, mpaka asikie mtoto akimeza ndipo ajue ananyonya. Alilala hajui kama amelala kwenye mkeka au hewani. Mwanawe alimpapasa uso kwa vile vidole vidogo, naye akakaa akiviona vinakuja na kuondoka. Aliona uchungu ambao sina haja ya kuupamba. Na mume alirudi jioni kutoka kitini kwa Jumbe, amesifiwa ameshiba sifa, akauliza mboga iko wapi.

Ikawa Jumbe naye anataka kisima chake uani kwake, asitume watu mbali. Akamwita Mwamure. Mwamure hakuweza kukataa, mtu ameshakalia kiti. Akafungwa kamba kiunoni. Mbeyu akakaa mahali pake, mgongo shimoni, kamba imezungushwa kiganjani, Kache mapajani. Wanaume wa kuvuta wakakaa kivulini kwa mbali kidogo, wakakoka moto wachome mihogo.

Mbeyu akaukodolea macho mkono wake. Mkono ukishtuka, aliuona. Mkono ulipocheza mara moja, alisema, "Udongo," wakavuta udongo. Ulipocheza mara mbili, alisema, "Maji ya kunywa," wakateremsha kibuyu. Siku ya kwanza ikapita, siku ya pili ikapita, macho yake yakawa mekundu kama ya mtu mwenye homa, maana alikuwa hathubutu kuyafumba.

Jioni Mwamure akamwambia, "Umeona? Hatukupoteza kitu."

Hatukupoteza. Lisikieni hilo neno.

Siku ya tatu mapema, kabla hajashuka, Mbeyu alimshika mumewe mkono, akitazama vidole vyake ili ajue vimeshika. "Baba Kache, leo usishuke. Macho yangu yamechoka. Nenda ukamwambie Jumbe kweli. Tukifukuzwa, tutakwenda kwa mama yangu."

Mwamure akatazama kiti chake pale ubarazani kwa Jumbe, kimetandikwa ngozi ya chui. Akasema, "Leo tu. Tunamaliza."

Akashuka. Sururu ikapiga. Mbeyu akautazama mkono.

Mnakumbuka zimwi lilivyoahidi? Popote utakapochimba kisima, maji yatakuja kwa nguvu. Ahadi ya zimwi huwa kweli, hiyo ndiyo shida yake. Alipofika penye maji, Mwamure alipiga pigo moja, udongo ukafunguka, maji yakaruka. Hayakububujika kama siku ile ya mwamba, yaliruka. Kabla hajainua sururu yamefika magotini.

Na juu, wakati huo huo, Kache aliteleza kutoka mapajani mwa mama yake. Mama mwingine angehisi uzito unapungua. Mbeyu hakuhisi. Aliendelea kuutazama mkono wake, mtoto anatambaa kwenda kwenye moto wa mihogo. Mpaka alipocheka yule mtoto, mbali kuliko mtoto wa mapajani anavyocheka, ndipo mama akainua macho.

Mtoto alikuwa ananyoosha mkono kwenye kaa la moto.

"Mshikeni mtoto," Mbeyu akasema, maana mwenye kamba haruhusiwi kuinuka. Wanaume walikuwa wanapiga soga. "Mshikeni mtoto, nawaambia." Macho yake yako kwa mtoto, yako kwa moto, yako kwa kile kidole kidogo.

Chini, Mwamure akavuta kamba mara tatu.

Mmoja wa wanaume akageuka. "Nani, huyu?"

Mwamure akavuta mara tatu.

"Huyo, huyo, yuko motoni," Mbeyu akasema, na yule mwanamume akainuka, akajinyoosha kwanza, akamnyakua mtoto.

Mwamure akavuta mara tatu. Huwa tunasema mtu maji yamemfika shingoni. Huyu yalimfika.

Mkono wa Mbeyu ulicheza mara tisa juu ya goti lake, na hakukuwa na jicho la kuutazama. Mtoto akaletwa, analia, mzima, hakuungua. Mama akamtazama vidole kimoja kimoja. Kisha akaurudishia macho mkono. Mkono ulikuwa umetulia.

Akakaa akiutazama. Ghafla akahisi jua.

Jua shingoni, kali. Akahisi mchanga chini ya miguu, jasho mgongoni, na vidonda vya viganjani vikamuuma vyote kwa pamoja hadi akakunja uso. Akahisi mtoto mapajani, mzito, wa moto. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi. Naliweka hilo wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakujisamehe furaha hiyo.

Kisha akaihisi kamba. Kamba ilikuwa kiganjani mwake, nzito na kimya, na mkono ule uliojua ukamwambia kila kitu. Zimwi lilisema litatoka siku gani? Mnakumbuka. Mbeyu alijua ni mjane kabla mtu yeyote hajachungulia shimoni.

"Mtoeni," akasema.

Wakamtoa. Maji yalikuwa yanapanda nyuma yake, safi, mengi, yakafika mdomoni mwa kisima.

Watu wakauliza, "Mwenye kamba alikuwa wapi?" Mbeyu akawaambia kweli yote, tangu ufa wa mwamba hadi moto wa mihogo. Akasema, "Alitoa ngozi yangu. Pua yake ilikuwa nzima."

Wakamtazama. Wakamtazama marehemu. Jumbe akasema, "Yai viza tulimpasulia sisi wenyewe. Machozi tuliyaona." Kisha shangazi yake Jumbe, mwanamke mkavu mwenye vidole virefu, akachuma mwiba wa mgunga, akamchoma Mbeyu begani.

Mbeyu akashtuka, akasema, "Aa."

"Anahisi," shangazi akawaambia watu. "Alisinzia, sasa anamsingizia maiti."

Basi. Ushahidi wake ulikuwa umerudi mwilini, na kurudi kwake ndiko kulikomuangamiza.

Wakamzika Mwamure kwa ngoma. Kile kisima wakakiita Kisima cha Pua, na kila mgeni aliyepita Makukwe aliambiwa habari za mtu aliyeitoa pua yake ili watu wanywe. Mbeyu wakamfukuza. Hakupewa hata kibuyu. Alimfunga Kache mgongoni, akashika njia ya kwa mama yake, na njia nzima aliuhisi ule uzito wa mtoto, na ile pumzi ya mtoto shingoni. Alipochoka kulia alipeleka mkono nyuma akashika ule mguu mdogo, akaenda nao hivyo hivyo ameushika mpaka akafika.

Kamba ya Kisima cha Pua walibadilisha mara nyingi. Wanaotaja jina la aliyeitoa pua ni wengi. Wa kulitaja jina la aliyeishika kamba mimi sijamsikia, ndiyo maana nimelitaja hapa mbele yenu. Mbeyu.

— Kamba yangu nimeivuta.
— Imetoka na nini?
— Imetoka na hiki mlichokisikia.
— Na kilichobaki chini?
— Anayekitaka ashuke mwenyewe, na kabla hajashuka amuulize mwenye kumshikia.